Bisi na Mizani: Kitafunwa cha Anayepunguza Uzito



Ndugu zangu wanafunzi, somo la afya la toleo hili limetokana na swali la dada mmoja baada ya darasa la Jumamosi jioni: je, mtu anayejitahidi kupunguza uzito anaweza kula bisi, au nazo ziwekwe kwenye orodha ya vilivyokatazwa pamoja na soda na chapati za usiku? Wenzake walicheka, kwa sababu mfuko wa bisi ulikuwa umefika kwake wakati huo huo. Lakini swali lilikuwa zito, na jibu alilopewa pale pale, kwamba "popukoni ni hewa tu, dada, we kula," halikutosha. Hewa haina mafuta wala sukari. Zile zilizokuwa kwenye mfuko zilikuwa na vyote viwili.

Hapa Uganda wengi wetu husema popukoni. Watu wa pwani husema bisi, na ndilo neno nitakalotumia.

Jibu langu kwa kifupi ni hili. Bisi ni nafaka njema, tena ni katika vitafunwa vichache vya bei ya mwanafunzi ambavyo mtu anayepunguza uzito anaweza kuvila kila siku. Ila uliza mambo matatu: zimepikwa kwa nini, zimewekwa kwenye chombo gani, na zimechukua nafasi ya chakula gani. Swali hilo la tatu wengi hatuliulizi, na ndilo linaloamua mizani itasomaje.

Nina sababu yangu ya kulifuatilia jambo hili. Mwaka jana mama yangu, anayeishi Bwera, aligunduliwa kuwa na kisukari, na presha alikuwa nayo tayari. Mimi ndiye niliyemsindikiza kliniki. Daktari alipomaliza naye akanigeukia mimi, akaniambia nipande mizani. Urefu wangu ni sentimita 168, na mizani ilisoma kilo 84. Ukichukua urefu kwa mita, ukauzidisha kwa wenyewe, kisha ukagawa kilo kwa jibu hilo, unapata karibu 29.8. Shirika la Afya Duniani huhesabu 25 kuwa mwanzo wa uzito uliozidi, na 30 kuwa mwanzo wa unene wa kupindukia. Nilikuwa nimebakiza chini ya kilo moja kuuvuka mstari wa pili, nikiwa na miaka 23, na mzazi mwenye kisukari, jambo ambalo peke yake humwongezea mtu uwezekano wa kuupata ugonjwa huo. Leo nina kilo 78, baada ya miezi sita. Sikunywa dawa yoyote wala chai ya kupunguza tumbo inayotangazwa mitaani. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na bisi, na hesabu yake nitaiweka wazi hapa chini ili kila mtu aipime.

Tuanze na chakula chenyewe. Bisi ni mahindi, lakini si kila punje ya mahindi hupasuka. Chukua mahindi ya posho, yale yanayolimwa hapo Mubuku, uyatie kwenye sufuria ya moto: yataungua, na machache yatapata ufa tu. Mahindi ya bisi ni aina yake. Punje ni ndogo, ganda ni gumu na halipitishi mvuke kwa urahisi, na ndani kuna wanga mgumu wenye maji kiasi cha asilimia 14. Joto linapofika karibu nyuzi 180, maji yale yamekwisha kuwa mvuke uliobanwa na wanga umelainika. Ganda linashindwa kuvumilia, punje inapasuka, na ule wanga unavimba na kukauka papo hapo kama povu. Ndiyo maana punje kavu za kujaza kiganja zinajaza bakuli zima.

Kwa hiyo unapokula bisi unakula punje nzima. Lile ganda linalokwama kwenye meno ni pumba, ambayo kwenye unga mweupe wa posho huondolewa mashineni na kupewa kuku. Katika gramu 100 za bisi zilizopikwa bila mafuta kuna karibu gramu 15 za nyuzinyuzi na gramu 12 au 13 za protini. Nyuzinyuzi ndizo zinazofanya tumbo lihisi limepata kitu na choo kiende vizuri. Mwaka 2012 kulichapishwa utafiti mdogo wa watu 35, ambapo walipewa vikombe sita vya bisi siku moja na kikombe kimoja cha viazi vya kukaanga vya pakiti siku nyingine. Bisi zile zilikuwa na kalori 100, viazi 150, na bado watu walisema bisi ndizo zilizowaondolea njaa zaidi. Watu 35 si wengi, na wote walikuwa na uzito wa kawaida, kwa hiyo nisiutumie kuahidi makubwa. Lakini unakubaliana na yale ambayo tumbo la kila mmoja wetu linajua kuhusu kitu kinachojaza.

Mafuta yaliingia katika habari hii baadaye. Zamani watu waliziweka punje kwenye kikapu cha waya juu ya moto. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago nchini Marekani, mtu aliyeitwa Charles Cretors alionyesha mashine ya mvuke iliyopasua mahindi ndani ya mafuta, na biashara ikahamia huko. Yale masanduku ya vioo yenye sufuria ndogo inayoning'inia ndani, ambayo mnayaona yakisukumwa kuelekea paki ya teksi ya Kasese wakati wa jioni, ni wajukuu wa mashine ile. Mafuta hufanya punje nyingi zaidi zipasuke na chumvi ishike. Kwa muuzaji ni faida. Kwa wewe unayehesabu, ni hesabu.

Basi tuhesabu. Nikisema kalori nina maana ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Vijiko vitatu vya chakula vya punje kavu vina uzito wa gramu 40 hivi, na vina kalori 150. Zikipasuka unapata bakuli kubwa, kama vikombe vitano. Ukizipika kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, unaongeza kalori 40: jumla 190. Ukizipika kwa kijiko kizima cha chakula cha mafuta, ambacho ndicho kipimo kinachokaribiana na bisi nyingi za kununua, unaongeza 120: jumla 270. Nyunyiza vijiko viwili vya chakula vya sukari, kama zile bisi za rangi rangi, umeongeza 100: jumla 370. Teremshia na soda ya kola ya nusu lita, ambayo ina sukari ya gramu 50 na ushei, umeongeza zaidi ya 200. Sasa una karibu 570 mkononi, na mahindi ni yale yale ya vijiko vitatu. Katika hizo 570, mahindi yamechangia 150 tu. Anayesema bisi zinanenepesha na anayesema bisi ni hewa wote wawili wameangalia punje wakasahau kilichoiambatana nayo.

Mafuta ya aina gani? Watu wa Bwera wataniuliza kuhusu mawese yanayovuka kutoka Kongo, kwamba ni ya asili na mekundu. Ni kweli wekundu ule una faida, mwili huugeuza kuwa vitamini A. Lakini kila gramu ya mafuta, yawe ya mawese, ya alizeti au ya mzeituni, ina kalori 9. Katika mizani hayatofautiani. Katika moyo yanatofautiana: karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda, ya alizeti ni kidogo zaidi ya moja ya kumi. Kwa kijiko kimoja cha chai sitagombana na mtu.

Sasa lile swali la tatu. Kabla ya kuanza safari hii, kila saa nne usiku nilikuwa nakula chapati moja na chai nikijisomea. Chapati ya barabarani yenye unga wa gramu 80 na kijiko cha mafuta ni kalori 400 na kidogo. Nikaweka bisi zangu za 190 mahali pa chapati ile. Tofauti ni kalori 220 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo kwenye karatasi tofauti hiyo inaondoa kilo moja kila wiki tano. Nasema kwenye karatasi kwa sababu mwili nao una akili yake: ukipungua, unatumia nishati kidogo zaidi, na mwendo unapoa. Pamoja na kuacha soda, na kutembea badala ya kupanda boda boda kutoka hosteli, ndiyo zikapatikana zile kilo sita.

Ndugu yangu anayekula chapati yake kama kawaida, kisha akaongeza bisi kwa kuwa amesoma kwamba ni chakula cha afya, ameongeza kalori 190 kwa siku. Kwa hesabu ile ile ya karatasi, atapanda kilo moja katika wiki sita hivi, na atailaumu bisi.

Na kuna upande wa pili ambao unanitia wasiwasi zaidi, hasa kwa dada zetu wa hosteli na kwa wale ambao fedha za matumizi zimechelewa kutoka nyumbani. Bisi za shilingi 500 zinageuzwa kuwa chakula cha mchana. Mtu anashinda na mfuko mmoja na maji, uzito unashuka haraka, anafurahi. Bisi hazina protini ya kutosha, wala madini ya chuma ya kukidhi haja ya msichana, wala vitamini C. Kikomando, chapati na maharage, kinachochekwa sana, ni chakula kamili kuliko bisi. Kipunguze chapati, zidisha maharage, tafuta mboga za majani pembeni, na umekula. Bundu na sombe na samaki kidogo wa Ziwa George ni bora zaidi kuliko vyote nilivyovitaja. Bisi zikae mahali pa kitafunwa na zisivuke hapo.

Nije kwenye chombo, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote nilipokuwa nasoma. Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani, akiwemo Wendy Wood anayesomea mazoea ya binadamu, walichapisha jaribio walilolifanya sinema. Waliwapa watazamaji bisi. Wengine walipewa za kutoka jikoni muda ule, wengine za siku saba zilizochakaa. Wale ambao hawakuwa na mazoea ya kula bisi sinema walipoonja zilizochakaa wakaziacha. Lakini wenye mazoea walikula zilizochakaa kiasi kile kile cha wenzao waliopewa mpya. Ulimi wao ulijua kuwa si tamu, mkono ukaendelea. Watafiti wakawahamisha watu wengine kwenye chumba cha mikutano, ambako hakuna mazoea ya bisi, na huko hata wenye mazoea wakaziacha zilizochakaa. Kisha wakajaribu jambo jingine: sinema ile ile, ila kila mtu ale kwa mkono ambao hakuuzoea. Na hapo tena mkono ukarudi chini ya akili, wakala kidogo.

Sisi Waislamu hatutaazima dawa hiyo ya mwisho, kwa sababu mafundisho ya kula kwa mkono wa kulia tunayajua. Ila angalieni mafundisho hayo yalitolewa kwa nani. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), ambaye mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka kwenye sahani. Mtume (s.a.w.) akamfundisha mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Tumezoea kuisoma habari hii kama adabu za mezani, na ni adabu kweli. Mimi sasa nasoma pia habari ya mkono unaotembea wenyewe, ukasimamishwa mara tatu: kwa ulimi, kwa kuchagua mkono, na kwa kuwekewa mpaka. Mfuko wa bisi unaopita safu kwa safu wakati wa darasa hauna mpaka wowote. Hakuna kilicho mbele yako, kila kitu kiko mbele ya kila mtu, na macho yako kwa ustadhi.

Kwa hiyo nimeshaiomba kamati yetu, na naandika hapa ili isisahaulike: bisi zigawiwe kwenye vikombe vya karatasi kabla ya darasa au baada yake, zisizunguke wakati darasa linaendelea. Gharama ya vikombe itafidiwa na bisi zitakazobaki. Nyumbani fanya hivyo hivyo. Usile kutoka kwenye kavera wala kwenye sufuria. Pima, mimina kwenye bakuli lako, funga kilichobaki, ondoka jikoni. Na kama unasoma, weka bakuli mahali ambapo lazima unyooshe mkono mpaka utoke kwenye kiti. Ni jambo dogo, lakini linafanya kazi.

Aya ya 31 ya Suratul A'raf inaturuhusu kula na kunywa na inatukataza kupita kiasi, na hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib katika Tirmidhi inagawa tumbo mafungu matatu, moja la chakula, moja la kinywaji na moja la pumzi. Watu huitaja hadithi hiyo sana wakati wa mihadhara ya Ramadhani, halafu futari inawekwa. Kuhusu funga za Sunna za Jumatatu na Alhamisi, ambazo baadhi yetu tumeanza kuzitumia kupunguza uzito, mtu aelekeze nia yake kwa Mola wake kwanza, na uzito ukipungua iwe ni zawadi ya ziada. Kiafya, funga itasaidia tu kama futari haitalipa deni lote la mchana. Tende, maji, sala, kisha chakula. Bisi za baada ya tarawehe ni nyongeza, zihesabu kama nyongeza.

Kuhusu kununua mjini, nina ushauri mfupi. Simama uangalie. Mwone muuzaji anavyomimina mafuta. Ukiona rangi ya manjano kali inayong'aa na kuacha mafuta kwenye karatasi, hizo ni nzito. Mwambie asinyunyize chumvi, utaweka mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Chumvi ya Katwe ina historia ndefu na heshima yake hapa kwetu, lakini presha haiulizi chumvi imetoka ziwa gani. Bisi za moto zisitiwe kwenye kavera, omba karatasi. Na zile za sukari zenye rangi nyekundu na kijani tuwaachie wanaouza peremende, ndugu zao.

Kuna jambo moja kubwa zaidi ya kalori, nalo ni ukungu. Mahindi yasiyokauka vizuri, au yaliyokaa mahali penye unyevu, huota ukungu unaotoa sumu iitwayo sumukuvu, au aflatoksini. Kwa wingi inaua kwa haraka, kwa uchache inaliharibu ini polepole na kuleta saratani, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na wakulima wetu walionja uchungu wake. Moto wa sufuria hauimalizi sumu hii. Kwa hiyo punje za bisi, na karanga pia, zinunue kwa mtu anayezitunza juu ya mbao pasipogusa sakafu, zikiwa kavu, zimeng'aa, bila madoa meusi au ya kijani na bila harufu ya chumba kilichofungwa. Punje za bei ya kutupa, zilizovunjika na zenye vumbi, mwachie aliyezileta. Hapa kubana matumizi hakufai.

Kupika ni rahisi na unahitaji sigiri tu. Sufuria nzito yenye mfuniko, makaa ya wastani yasiyowaka sana. Tia kijiko cha chai cha mafuta na punje mbili. Zikipasuka, joto limefika. Tia zilizobaki, vijiko vitatu kwa mtu mmoja, funika, ukiacha mwanya mdogo mvuke utoke, la sivyo zitalowa na kuwa kama pamba. Tikisa sufuria bila kuchoka. Mlio ukipungua hata ukaweza kuhesabu mbili kati ya punje na punje, epua. Inawezekana kupika bila mafuta kabisa, ila kwa sigiri zinaungua upesi, na mimi naona kalori 40 ni bei nzuri ya kuepuka kula masizi. Badala ya sukari tumia mdalasini wa unga. Badala ya chumvi nyingi tumia bizari, pilipili manga, au pilipili ya unga na chumvi kidogo sana. Nyunyiza zikiwa bado moto ili vishike. Punje zako zikianza kukataa kupasuka, zimekauka mno: zitie kwenye chupa, kijiko cha maji, funga, tikisa, ziache siku tatu. Na watoto wadogo chini ya miaka minne wasipewe, zinaweza kuwapalia.

Nimalizie na Bwera, kwa sababu huko ndiko kazi ilipokuwa ngumu zaidi kuliko jikoni. Nilipokwenda likizo nikiwa na kilo 78, teksi iliacha barabara kuu pale Kikorongo, nikafika nyumbani jioni, na shangazi yangu aliponiona akashika mdomo.

"Mwanangu, umekwisha! Chuo hakikupi chakula? Au unaumwa?"

"Siumwi, Shangazi, alhamdulillah. Nimepunguza mwenyewe."

"Mtu hupunguzaje mwenyewe?"

Swali hilo si la kuchekwa. Katika nchi hii, miaka ya 1980, ukimwi uliitwa slim, kwa sababu ulikuwa unawakondesha watu mpaka wakaisha. Kizazi cha shangazi yangu kiliwazika waliokonda. Kwao unene wa mtoto ni habari njema, na kukonda ni habari inayonong'onwa. Dada aliyeuliza swali siku ile ya darasa alinieleza baadaye kuwa ndilo linalomtisha: kwamba akirudi nyumbani amepungua, watu watatafuta sababu, na wengine watasema ndoa imechelewa kwa ugonjwa. Sina jibu la kuyanyamazisha maneno hayo yote. Nililofanya ni kumketisha shangazi, nikamwonyesha kwenye daftari vipimo vya mama vya sukari, kisha vyangu, kisha zile namba za mizani mwezi baada ya mwezi. Alizisoma taratibu. Daftari lenye tarehe lilimtuliza kuliko maelezo yangu, kwa sababu ugonjwa haushuki kilo moja moja kwa mpangilio na mtu akaendelea kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani.

Kwa mama hesabu ni tofauti, na nawaomba wenye wazazi wa kisukari wasichukue kipimo changu wakampa mzazi. Bisi ni wanga. Zinapandisha sukari ya damu, ingawa kwa utaratibu kuliko mkate mweupe. Vijiko vitatu vya punje vina wanga wa karibu gramu 30, na mtu anayetumia dawa ya kisukari lazima azihesabu ndani ya chakula chake cha siku, baada ya kuongea na anayemtibu. Mama alikubaliwa nusu yangu, mara mbili kwa wiki, bila sukari na karibu bila chumvi, pamoja na karanga chache, siku ambazo hakula ndizi ya kuchoma jioni. Anazipika mwenyewe. Kipimo chake ni kikombe kidogo cha kahawa, hakijai, na punje zilizokataa kupasuka anawatupia kuku.